Stika Chini ya Sinia

Mtu akiniletea biashara yake, swali langu la kwanza ni moja tu: jina lako liko wapi? Sisemi jina la kitambulisho. Nasema jina la biashara, lililoandikwa mahali watu wataliona. Wengi hawana jibu. Wananionyesha mkokoteni mtupu, au mlango mtupu, au bahasha ya kaki isiyo na alama yoyote, halafu wanalalamika kwamba wateja hawarudi. Mteja atarudije kwa mtu asiyejulikana anaitwa nani?

Mimi naitwa Kahindi. Nina chumba kimoja Bondeni, mashine mbili za kuchapa na kompyuta moja. Nachapa kadi, mabango na stika. Shule niliacha darasa la sita, na kazi nilianza kwa brashi na kopo la rangi, nikiandika majina kwenye milango ya malori kule Makupa. Ushauri sitozi. Ukija kuchapa, nakupa na maneno juu yake.

Na maneno yangu yalikuwa yakifanya kazi. Kuna Kadenge, muuza viazi karai. Alikuwa amekaa Makupa miaka minne, wauza viazi wengine sita wamejipanga kulia na kushoto kwake, wote wakikaanga viazi vilevile. Nikamchapia bango: KADENGE, VIAZI MOTO, DEREVA SHUKA. Mwezi haukuisha, akaongeza karai la pili. Kwa hiyo nilipokutana na Bi Fadhiya nilikuwa mtu anayejiamini kupita kiasi. Naisema mapema: makosa yaliyofuata, yote yalikuwa yangu.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka kadi za arusi kwenye duka moja Mji wa Kale. Kutoka pale nikakata uchochoro ili nitokee kwenye tuk-tuk, na katikati ya uchochoro harufu ikanisimamisha. Mbele yangu palikuwa na mlango wa nyuma wa nyumba, umefunguliwa nusu. Wanawake watatu wenye mabuibui walikuwa wamesimama pale, kila mmoja na bakuli lililofunikwa kitambaa. Waliponiona wakanyamaza, wakageukia ukuta kama watu wanaosoma tangazo, na ukuta haukuwa na tangazo. Nikadhani ni haya za kukutana na mwanamume mgeni. Nikasogea pembeni hadi walipoondoka, halafu nikapiga hodi.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Lakini mlango wa wageni uko mbele."

"Mama, mimi sitaki mlango. Nataka sambusa."

Akacheka. Ndivyo nilivyomjua Bi Fadhiya. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Alinipa sambusa nne kwenye kipande cha gazeti. Manda ya kufungia ilikuwa nyembamba, nyama kavu isiyotoa mafuta, na ndimu imetiwa na mtu aliyejua wapi pa kuachia. Nilikula zote nne nimesimama.

"Bi Fadhiya, biashara hii yaitwaje?"

"Haiitwi. Watu wasema kwa Fadhiya, basi."

"Watu gani?"

"Wenyewe wajijua."

"Na asiyekujua atakupataje?"

"Wanaonijua wanatosha," akasema, kisha akatazama unga mikononi. "Walikuwa wakitosha."

Akanieleza. Mumewe alimwacha miaka minane nyuma, na kakake aliyeko Malindi alimtaka arudi nyumbani kwake. Alikataa. Alipanga nyumba hii ya chini, chumba cha mbele na jiko la nyuma, akaanza kupika. Anaye Purity, mama wa watoto watatu kutoka upande wa Kaloleni, anayemsaidia kukunja na kukaanga. Sasa nyumba mbili kubwa zilizokuwa zikimwagiza zimehamia Nairobi. Asipopata nyumba nyingine za kujaza pengo lile kabla ya Ramadhani, jiko litafungwa, Purity atarudi kwao, na yeye ataenda Malindi kulala kwenye chumba cha wageni na kulea watoto wa wifi yake.

"Kwa sambusa hizi?" nikamwambia. "Tatizo lako ni moja. Huna jina."

"Kuna watu hawapendi karatasi, fundi."

"Karatasi haimpigi mtu, Bi Fadhiya."

Alinitazama kwa muda, akataka kusema neno, akalimeza. Mimi nikaona ni haya za wanawake wa mji. Nikazidi kumbana hadi akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu ya Malindi.

Nilimchapia stika mia tano. Duara la kijani, maandishi ya dhahabu: FADHIYA, MJI WA KALE, na nambari ya simu chini yake. Hakuna kingine. Maneno mengi kwenye stika ni ya mtu asiyejiamini. Gundi niliyotumia ni ile ya stika za malori, na nilijisifu mbele yao kwamba hata mvua ya masika haiitoi.

Purity nikampa masomo mawili. La kwanza, kila kitu kinachotoka jikoni kitoke na stika: bakuli, kopo, sinia, kila kitu. La pili, mtu akipiga simu kuuliza, mtajie mteja mmoja mkubwa, ili ajue hapa si pa kubahatisha.

"Kila kitu?" Purity akauliza.

"Kila kitu."

"Hata mahali pasipoonekana?"

"Mteja akikigeuza, pataonekana."

Hilo ndilo neno nililomwambia, kwa kinywa changu.

Siku ya tisa nilikwenda na simu yangu kupiga picha za sambusa, nimpangie Bi Fadhiya zile za kuweka kwenye WhatsApp. Tulikuwa chumba cha mbele, nimempanga Purity na sahani dirishani kwenye mwanga, mlango ukagongwa na mama mmoja akaingia. Mnene, miwani ya dhahabu, buibui la kitambaa cha bei. Mkononi ana kitu cha duara kilichofungwa gazeti.

"Salaam aleikum."

Bi Fadhiya alisimama haraka. "Waaleikum salaam, Bi Aqsa. Karibu. Mbona mlango huu leo?"

"Siri imekwisha, uchochoroni niende kutafuta nini?"

Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na sinia. Akaliweka mezani kifudifudi, na katikati ya kitako chake iling'aa stika yangu, haina hata mkunjo.

"Nani aliyechapa hii?"

"Ni mimi, mama," nikasema, na sina haja ya kuficha, nilifurahi.

"Hebu nisomee."

"Fadhiya, Mji wa Kale. Na nambari ya simu. Yasomeka vizuri."

"Yasomeka. Hata kwa mkwe wangu yasomeka."

Akaketi, akatueleza bila kupandisha sauti, na heri angepandisha. Mwanawe Aamir amechumbia msichana wa Bondeni, binti ya Bi Akila. Huyu Bi Akila, kwa maelezo yake, ni mwanamke wa kuchungulia vyungu vya watu. Kwa hiyo Bi Aqsa alipopeleka sinia lake la kwanza kwa wakwe alitaka liwe sinia la kunyamazisha. Aliagiza kwa Bi Fadhiya sambusa themanini. Bi Fadhiya akazipanga kwenye sinia mduara juu ya mduara, vizuri hata Bi Aqsa hakuona sababu ya kuzihamisha. Akazifunika kwa kawa yake mwenyewe, akazipeleka na salamu kwamba ameamka alfajiri kuzikunja kwa mkono wake.

"Wakala," Bi Aqsa akasema. "Wakasifu. Na sinia la wakwe halirudi tupu, wajua. Wakaliosha, walitie visheti walirudishe. Kuliosha ni kuligeuza."

Akaigusa stika kwa kidole.

"Nimeambiwa waliisugua, wakidhani ni uchafu. Haikutoka."

"Gundi ile hata..." nikaanza. Bi Fadhiya akanitazama. Nikaacha.

"Halafu Bi Akila akapiga ile nambari. Akauliza kama Bi Aqsa wa Mji wa Kale ajulikana hapo."

Sote tukamgeukia Purity. Purity aliangalia sahani yake.

"Mimi nilisema nilivyofundishwa," akasema. "Nilisema Bi Aqsa ni mteja wetu mkubwa, mwaka wa sita huu."

"Basi sinia likanirudia na visheti na salamu," Bi Aqsa akasema. "'Mwambieni mkwe sambusa tumezishukuru, na nambari ya simu pia tumeishukuru.'"

Naungama, niliuma ulimi nisicheke. Kisha nikamtazama mama yule usoni, kicheko kikaisha chenyewe.

"Na arusi?" Bi Fadhiya akauliza.

"Arusi iko. Vijana hawana neno. Lakini nitakaa na mwanamke yule maisha yangu yote, na kila nikimpa kikombe cha chai atanitazama mikono." Akainuka, akaliweka buibui lake sawa. "Sikugombi, Fadhiya. Umenifaa miaka sita. Lakini Ramadhani hii usinipikie."

Akatoka kwa mlango wa mbele, polepole, sinia ameliacha mezani.

Yaliyofuata hayakuhitaji bango. Bi Fadhiya alikuwa na nyumba kumi na tisa zilizokuwa zimeshaagiza futari ya Ramadhani. Ndani ya siku tano, kumi na nne zikajitoa. Hakuna hata mmoja aliyetaja stika. Mmoja dadake anakuja kutoka Lamu kumsaidia. Mwingine daktari amemkataza mafuta. Mwingine alisema mwaka huu watafuturu tende na maji, kama wazee wa zamani. Wote kwa adabu kubwa, wote wakimwombea heri. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Nilipokwenda kumwona, nilikuta sufuria kubwa imeshafungwa magazeti.

"Kaka yangu amesema chumba kiko tayari," akasema. "Amenunua na pazia."

"Bi Fadhiya, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nikwambie nini? Kwamba wateja wangu ni waongo? Na si waongo. Ni watu wenye watoto na kazi na magoti mabovu, na dunia yawataka wapike kama bibi zao. Siri ni yao, fundi. Nitaitoa vipi, hata kwako?"

Akavuta daftari kutoka rafuni akanifungulia. Nilitegemea kuona bei. Hapakuwa na bei. Kila ukurasa ulikuwa na jina la nyumba moja, na chini yake maelezo. Nyumba hii: pilipili manga nyingi, bizari kidogo, pembe za sambusa zipinde kulia. Nyumba ile: kitunguu kikatwe kikubwa, mamake hakuwa akiona vizuri. Nyingine: mahamri mapana, iliki isagwe na maganda yake, na mawili matatu yaungue kidogo.

"Yaungue?"

"Mama wa nyumba ile huwa yuko kwenye simu akikaanga. Yakitoka yote mazuri, mumewe atashtuka."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiharibu. Nilidhani mwanamke huyu ana sambusa nzuri na hana jina. Kumbe alikuwa na majina kumi na tisa, na kwa kila moja alikuwa na mkono wake. Nami nilikuja na gundi ya malori nikabandika moja juu ya yote.

Nikajaribu kutengeneza, kwa njia ninayoijua.

"Nitakuchapia tangazo. Samahani kwa wateja wetu wapendwa."

"Wasiojua watauliza samahani ya nini."

"Basi tutume ujumbe. Stika tumeziondoa."

"Watauliza stika gani."

"Tupunguze bei."

"Fundi, mtu amevuliwa nguo mbele ya wakwe, wewe wampunguzia bei?"

Kazi yangu yote ni kupiga kelele, na mteja huyu alihitaji nitangaze kwamba hatutangazi. Kwa hilo sikuwa na mashine.

Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kubandua. Kesho yake nilikuja na chupa ya petroli na kisu, nikaketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikikwangua masinia. Sinia moja lilinichukua robo saa. Purity hakuficha kwamba anafurahi.

"Mvua ya masika haiitoi," akasema.

"Nimesikia, Purity."

"Nasema tu, isije ikawa umesahau."

Alikuwa akibabua manda kwenye chuma, zile chapati nyembamba kama karatasi za kufungia sambusa. Anaweka, anageuza, anatoa, anazipanga chungu. Wakati mwingine macho yanakwenda kwenye kitu kabla ya akili. Nilikuwa nimezitazama zile chungu nusu saa nzima.

"Bi Fadhiya," nikaita. "Hizi manda, nyumba za mjini huzitengeneza wenyewe?"

"Siku hizi nani atengeneza manda? Mamangu mwenyewe alinunua."

"Na mtu akionekana anazinunua, ataona haya?"

"Haya ya nini? Manda ni kama unga. Kupika ni kutia nyama na kukunja na..." Akakoma. Akatoka jikoni, kijiko mkononi. "Wasemaje?"

"Nasema chumba cha mbele kiko bure. Nasema kiwe duka. Manda, bizari za kusaga, na masinia. Kila kitu na stika yake. Stika haina neno sambusa wala neno mapishi, ina jina na simu tu. Mtu akikuta stika chini ya sinia la Bi Aqsa, ni sinia alilonunua dukani."

"Na Purity alisema ni mteja wetu mkubwa," Bi Fadhiya akasema.

"Mteja. Sikusema wa nini," Purity akajibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile alinitazama kama mtu.

Bi Fadhiya aliketi juu ya kiroba cha unga.

"Na wenye kuja na mabakuli?"

"Watakuja kununua manda kwa mlango wa mbele, hadharani, wasalimiane na dunia nzima. Bakuli litapita nyuma. Halitakuwa na alama yoyote. Halitakuwa na kitu cha kwetu hata kimoja, ila chakula."

"Sasa hilo," akasema, "ungeniuliza mwanzo, ningekwambia."

"Sikuuliza mwanzo. Nilisema."

Siku tatu tukawa na duka. Masinia arubaini nilinunua Makupa kwa mfua mabati, kwa pesa yangu, na sikuitaka irudi. Rafu nilipigilia mwenyewe. Kibao cha mlangoni nilikiandika kwa brashi, kidogo, kwa mkono niliokuwa nikiandikia malori: FADHIYA, MANDA NA BIZARI. Purity akabandika stika chini ya kila sinia, safari hii kwa raha.

Kwa Bi Aqsa alikwenda Bi Fadhiya peke yake. Alivyonisimulia, alimkuta barazani, akampa pakiti ya manda yenye stika, akamwambia, "Nimefungua duka, Bi Aqsa. Sinia lako ulilonunua kwangu ulilisahau, nimekuletea." Bi Aqsa akaligeuza, akaitazama stika, akamtazama Bi Fadhiya. Kisha akauliza, "Lafunguliwa saa ngapi duka lako?" Na alipokuwa akimsindikiza mlangoni akaongeza, "Yule mchapaji wako mwambie asizidishe neno."

Sikuzidisha. Lakini Bi Aqsa lake alilisema kwa wakwe. Sijui kwa maneno gani. Najua tu kwamba siku mbili baadaye, nikiwa dukani napigilia msumari wa mwisho, aliingia mama mwembamba mrefu, mkoba umeshikwa kwapani, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa anayekagua washukiwa.

"Salaam aleikum. Mimi ni Akila, wa Bondeni. Nilipiga simu hapa."

Nyundo ilinitoka mkononi. Bi Fadhiya hata hakupepesa.

"Waaleikum salaam, Bi Akila. Karibu sana. Tukusaidie nini?"

"Hapa ndipo mkwe wangu Bi Aqsa anaponunua?"

"Ndipo."

"Hununua nini?"

"Kile tunachouza, mama. Manda, bizari, masinia."

Bi Akila akasogea kwenye rafu. Akachukua sinia la juu, akaligeuza. Stika. Akachukua la pili. Stika. La tatu akalitoa katikati ya chungu, masinia yakapiga kelele. Stika. Akajaribu kuiondoa kwa ukucha.

"Haitoki," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Najua haitoki," akanijibu. "Kwangu ilimaliza dodoki zima."

Akarudisha sinia. Akasimama katikati ya chumba, pua ikafanya kazi, maana jikoni Purity alikuwa akikaanga kwa ajili ya zile nyumba tano zilizobaki, na harufu haijui mlango wa mbele na wa nyuma. Nikamwona Bi Fadhiya ameshika ukingo wa meza. Kama mama huyu angetoka pale na kusema alichokisikia kwa pua, safari ya Malindi ilikuwa kesho asubuhi.

"Nipe manda pakiti mbili," Bi Akila akasema.

Bi Fadhiya akampa. Bi Akila akatia kwenye mkoba. Hakuondoka. Alimtazama Bi Fadhiya, akanitazama mimi, akaniona nimezidi.

"Wewe, baba, huna kazi nje?"

"Ninayo, mama," nikasema. Nikatoka, nikasimama hatua moja kutoka mlangoni, mahali ambapo sauti hufika bila taabu.

"Mwanangu," nikamsikia akisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tuseme mtu ana manda. Tuseme ana mgongo, na wajukuu watatu, na mwezi mzima wa futari mbele yake. Na tuseme mkwe wake anapika kama malaika. Mtu huyo afanyeje?"

Bi Fadhiya hakuharakisha.

"Mtu huyo ana bakuli?"

"Analo."

"Alilete uchochoroni baada ya adhuhuri, limefunikwa. Na kabla ya hapo aniambie mamake alikuwa akizikunja vipi."

Bi Akila akasema, "Mamangu alitia zabibu. Watu walimcheka, lakini alitia."

"Zabibu nyingi au kidogo?"

"Mbili kwa kila sambusa."

Nikasikia daftari likifunguliwa.

Nadhani ni yeye Bi Akila aliyemaliza kazi, bila kukusudia. Mwanamke wa kuchungulia vyungu alipoanza kusifu duka la manda la Mji wa Kale, hakuna aliyebaki na hofu. Dada wa Lamu akashindwa kuja. Daktari akaruhusu mafuta. Wale wa tende na maji wakakumbuka kwamba wana watoto. Ilipofika wiki ya kuvunja jungu, ile karamu ya kuufunga mwezi wa Shaaban, nyumba zilikuwa ishirini na tatu, na Bi Fadhiya alikuwa amempigia kakake simu kwamba pazia alitundike, ila kwa mgeni mwingine.

Siku ya kuvunja jungu yenyewe nilikwenda kusaidia kubeba, maana kazi iliwazidi. Saa kumi jioni Purity alinipa mabakuli mawili makubwa niyashikilie uchochoroni, moja kitambaa chekundu, moja kitambaa cha buluu.

"Jekundu ni la Bi Aqsa," akasema. "Ampelekea Bi Akila."

"Na la buluu?"

"La Bi Akila. Ampelekea Bi Aqsa."

Nilifunua kidogo. Kwenye la Bi Aqsa sambusa zilikuwa ndogo, zimepinda kulia, zina harufu ya pilipili manga. Kwenye la Bi Akila zilikuwa nene za pembe butu, na zabibu imetuna chini ya manda. Mtu angekula mbili kutoka kila bakuli angeapa hazikutoka jiko moja, wala mtaa mmoja.

Siku ya tatu ya Ramadhani nilikuwa dukani Bi Aqsa alipoingia. Alisalimu kwa sauti ya kufika barabarani, akataka manda pakiti tatu, akalipa. Bakuli lake lilikuwa limeshapita nyuma mkononi mwa mtumishi. Kisha akaegemea meza.

"Fadhiya, nimekula sambusa za mkwe wangu."

"Zikoje?"

"Ana mkono yule mwanamke. Sikutegemea." Akafikiri. "Lakini zabibu ndani ya nyama, hilo nani alimfunza?"

"Mamake, labda," Bi Fadhiya akasema, na kumfungia manda zake.

"Labda. Yeye naye amenisifu. Amesema pilipili manga yangu yamkumbusha bibi yake." Bi Aqsa akaweka miwani sawa, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na brashi yangu kwenye kona. "Na wewe mchapaji, siku hizi washauri watu nini?"

"Siku hizi nauliza kwanza, mama."

"Wauliza nini?"

"Nani hataki jina hili lionekane."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeonja mchuzi akaona chumvi imetosha, akachukua manda zake akatoka.